Steve McQueen, mwigizaji aliyetaka gari zikimbie kweli

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Bunia wenye kupenda filme za mbio wanajua mtindo wa leo: gari inashuka toka ndani ya ndege, inaruka toka jengo moja hadi ingine, kisha shofere anatoka bila hata shati kukunjana. Mengi ya mambo hayo yanafanywa na ordinateri. Lakini iko filme moja ya mwaka 1968, jina lake Bullitt, ambayo mpaka leo wale wenye kutengeneza filme za mbio wanarudilia kuiangalia. Ndani yake kuna gari mbili zenye kufukuzana katika mji wa San Francisco, Marekani, kwa muda wa dakika 10 na sekunde 53. Zilikuwa gari za kweli, katika barabara za watu, na zilikuwa zinakimbia kweli. Mtu aliyelazimisha iwe hivyo ni Steve McQueen. Alikufa mwaka 1980, na ile tamaa yake ya kutaka kila kitu kiwe cha kweli ilimpa jina kubwa. Ilimpokonya pia vitu vingi, yeye na watu wengine.

Alizaliwa tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 1930 huko Beech Grove, katika jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa rubani wa michezo ya hatari ya ndege, na aliacha mama na mtoto wakati mtoto alikuwa bado wa miezi. Mama yake alikuwa anapenda pombe. Basi mtoto akapelekwa Slater, jimbo la Missouri, akalelewa kwenye shamba la mjomba wa mama yake, Claude Thomson. Ni huyo mzee aliyempa, akiwa na miaka minne, baiskeli ndogo nyekundu ya magurudumu matatu. Mwenyewe McQueen alikuwa anasema kama upendo wake wa mbio ulianzia hapo. Sikio moja lilikuwa halisikii vizuri juu ya ugonjwa alioupata utotoni.

Kisha mama akamrudisha kwake, na hapo mateso yakaanza. Mabwana wapya wa mama walikuwa wanampiga. Mtoto akawa wa barabarani, akaingia katika vikundi vya wezi, na akiwa na miaka 14 akafungiwa katika nyumba ya watoto wenye makosa huko Chino, California, yenye kuitwa Boys Republic. Alijaribu kutoroka. Lakini pale ndipo alipata, kwa mara ya kwanza, watu wazima wenye kumsikiliza bila fimbo. Hakuwasahau. Miaka mingi kisha, wakati alikuwa mwigizaji mkubwa, alikuwa anaomba kompanyi za filme zimupe suruali za jeans na mashini za kunyoa ndevu, nyingi, bila kueleza sababu. Watu walifikiri ni uchoyo wa tajiri. Kumbe vitu vyote vilikuwa vinaenda kwa watoto wa Chino.

Mwaka 1947 aliingia katika jeshi la wanamaji la Marekani. Hakuwa askari wa kusifiwa: alishushwa cheo mara nyingi, na siku moja alichelewa kurudi kambini juu ya msichana, akafungwa siku 41. Katika jeshi alipewa pia kazi ya kutoa amianti iliyofunika mabomba ndani ya meli. Kazi hiyo tutairudilia.

Aliporudi uraiani, serikali ilimlipia masomo kama askari wa zamani, na mwaka 1952 akaanza kujifunza uigizaji New York kwa mwalimu Sanford Meisner. Masomo ilikuwa ya juma. Siku za mwisho wa juma alikuwa anashindana na pikipiki na kupata karibu dolari 100, feza nyingi kwa kijana wa wakati ule. Kisha mambo yakaenda mbio: kipindi cha televizioni toka mwaka 1958, The Magnificent Seven mwaka 1960, The Great Escape mwaka 1963. Katika hii ya mwisho, watu wengi wanaamini ni yeye aliyeruka na pikipiki juu ya waya. Alikuwa anaendesha mwenyewe sehemu kubwa, lakini ule mruko ulifanywa na rafiki yake Bud Ekins. Mwaka 1964, wote wawili walikuwa katika timu ya Marekani kwenye mashindano ya pikipiki ya siku sita huko Ujerumani Mashariki. Hapo hapakuwa kamera ya sinema. Alikwenda kushindana tu.

Hivi ndivyo tunafika kwenye Bullitt. McQueen alikuwa na kompanyi yake, Solar Productions, na alichagua mwenyewe Peter Yates, mwongozaji kutoka Uingereza, sababu alikuwa ameona namna alivyopiga picha za gari zenye kufukuzana katika filme ya mbele. Hadithi ni ya polisi Frank Bullitt mwenye kulinda shahidi. Ukiuliza walioiona, wengi hawakumbuki vizuri shahidi alikufa namna gani. Wote wanakumbuka gari.

Gari hizo zilikuwa za aina ambayo Wamarekani walikuwa wanapenda sana miaka ile. Kompanyi ilikuwa inachukua gari ya kawaida, ya bei ambayo kijana mwenye kazi anaweza kulipa, inatia ndani motere kubwa kupita kiasi. Bullitt alipewa Ford Mustang GT 390 ya kijani, motere ya lita 6.4, karibu mara nne ya ile ya Toyota ndogo nyingi zenye kutembea leo katika miji ya mashariki. Wauaji walipewa Dodge Charger nyeusi, motere ya lita 7.2. Zilichukuliwa Mustang mbili na Charger mbili. Mustang zile zilikuwa kama mapacha: namba zao za kiwanda zinafuatana, moja inaishia na 558, ingine 559. Moja ilikuwa ya kupiga picha McQueen karibu, ingine ya kupigizwa chini.

Lakini gari ya namna hiyo iko na ubaya ambao kila shofere wa huku atauelewa bila kuchorewa. Nguvu iko mbele, ndani ya motere, lakini maresori, amortisere na mwili wenyewe ni vya gari ya kwenda kanisani. Na San Francisco ni mji wa milima. Barabara zinashuka kama ngazi: mtelemko, kipande cha sawa kwenye makutano, mtelemko tena. Gari yenye kuteremka mbio pale inaruka, kisha inaanguka na uzito wote juu ya magurudumu ya mbele. Mustang ya dukani ingevunjika siku ya kwanza.

Ndiyo maana aliitwa Max Balchowsky. Huyu hakuwa injiniere wa kiwanda. Alikuwa fundi mwenye garaje huko Hollywood, akifanya kazi pamoja na bibi yake Ina, na jina lake lilijulikana kwenye viwanja vya mbio juu ya gari za kushangaza alizozipa jina la Old Yeller. Zilikuwa za rangi ya manjano, zenye sura mbaya kabisa, zenye vipande vilivyookotwa kwenye gari zilizokufa, motere ya Buick, na mapine yenye mstari mweupe kama ya gari ya mzee. Matajiri walikuwa wanakuja na Ferrari zao mpya, na ile takataka ya manjano ilikuwa inawapita. Fundi wa namna hiyo hahitaji kufundishwa kuheshimu chuma.

Balchowsky alianza na sehemu ambazo kamera haizioni. Pale mbele, kandokando ya motere, Mustang iko na nguzo mbili za bati zenye kubeba amortisere. Alizifunga na kuzitia nguvu ili zisifunguke wakati gari inaanguka. Alitoa maresori laini, akatia magumu. Alitia amortisere za Koni, zile za mbio. Vipande vya chini vilipimwa kama viko na mipasuko midogo isiyoonekana kwa macho. Motere ya Mustang ilichokonolewa pia, kwenye kichwa, kwenye moto na kwenye karbiratere. Chini na kando ya gari zikatiwa vyuma vya kushikia kamera. Kwa Charger, motere haikuhitaji kitu: ilikuwa tayari na nguvu kupita Mustang. Mara nyingi wakati wa kupiga picha, shofere wa Charger alikuwa analazimika kuinua mguu ili Mustang isibaki nyuma. Ile gari yenye kushinda katika hadithi, kwa ukweli ilikuwa ndiyo dhaifu.

Alama za kompanyi zikatolewa kwenye Mustang, na taa za mbele za ziada pia. McQueen hakutaka gari yenye kung'aa. Polisi analipwa mshahara wa polisi. Kisha gari zikapelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Cotati, kaskazini mwa San Francisco, McQueen na wenzake wakazijaribu mbele ya kuingia mjini.

Siku zile, kupiga picha ya gari yenye mbio kulikuwa na ujanja mmoja wa zamani: gari inatembea polepole, kamera nayo inazungushwa polepole kuliko kawaida, na mbele ya watazamaji gari inaonekana kama inaruka. Hapa walikataa. Kamera ilizunguka kwa mwendo wake wa kawaida, na kamera ingine ndogo ikafungwa ndani ya gari, nyuma ya mabega ya shofere, ili mtazamaji aone barabara vile shofere anavyoiona. Hivi hapakuwa njia ingine: kama wanataka vitesi kwenye picha, lazima vitesi iwe barabarani. Walipanga kilometa karibu 120 hadi 130 kwa saa. Mara zingine walipita 175. Ndani ya mji.

Kazi hiyo ya juma mbili ao zaidi ilisimamiwa na Carey Loftin, mkubwa wa mashofere wa hatari. Bill Hickman alikuwa kwenye usukani wa Charger, na ni uso wake unaoonekana: shofere muuaji mwenye miwani, asiyesema neno, mwenye kufunga mkanda kwa utaratibu mbele ya kukanyaga mafuta. McQueen alitaka kuendesha yote mwenyewe. Lakini siku moja alikuja mbio sana kwenye kona, akafunga freni, mapine ikatoa moshi, akapita kona yake kabisa. Ikabidi arudi nyuma, na mapine yakitoa moshi tena. Picha hiyo haikutupwa. Iko ndani ya filme, na ni moja ya zile watu wanapenda. Lakini kisha hapo, miteremko ya hatari alipewa Bud Ekins. Ukitaka kujua nani anaendesha, angalia kioo cha ndani. Kama kimeshushwa na uso wa McQueen unaonekana, ni yeye. Kama kioo kimeinuliwa, ni mwingine.

Makosa yamo. Ile Volkswagen ndogo ya kijani wanaipita mara nyingi kwenye mteremko ule ule, sababu tukio moja lilipigwa na kamera kutoka sehemu tofauti. Charger inapoteza vifuniko vya magurudumu kupita hesabu ya magurudumu yenyewe. Na kwenye mwisho, Charger ilipaswa kuingia kwenye kituo cha mafuta, lakini ilipita pembeni wakati moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Mkataji wa filme, Frank Keller, aliunganisha vipande mpaka watu wasione. Keller alipata Oscar kwa kazi hiyo. Balchowsky hakupata kitu cha namna hiyo. Hakuna Oscar ya fundi mwenye kulala chini ya gari, na hiyo ni bahati mbaya.

Bullitt ilileta feza nyingi, na McQueen akaona kama sasa anaweza kufanya filme aliyokuwa anaiota. Mwaka 1966 alikuwa amejitayarisha kufanya filme ya mbio za Formula One, lakini wengine walimtangulia na Grand Prix, na yake ikakufa mbele ya kuanza. Safari hii alichagua mbio za masaa 24 za Le Mans, Ufaransa. Mwezi wa tatu mwaka 1970 alishindana Sebring, Florida, pamoja na Peter Revson, na Porsche 908. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta juu ya ajali ya pikipiki. Revson aliendesha masaa mengi zaidi, lakini walimaliza wa pili, nyuma ya Ferrari ya Mario Andretti kwa sekunde 23 hivi. Baada ya masaa 12.

Akataka kushindana Le Mans kweli, katika Porsche 917, pamoja na bingwa Jackie Stewart. Watu wa asiransi walikataa. Basi kompanyi yake ikaingiza Porsche 908 yenye kubeba kamera mbele na nyuma, ndani ya mbio zenyewe za tarehe 13 na 14 mwezi wa sita. Mashofere Herbert Linge na Jonathan Williams walikuwa wanasimama mara kwa mara kubadilisha filme, na hata hivyo walifika mwisho, ijapokuwa hawakuhesabiwa sababu hawakufikisha kilometa zilizotakiwa. Hata leo ni vigumu kupata mtu mwingine aliyefanya kitu cha namna ile.

Kisha mbio, walibaki pale kwa miezi kupiga picha zingine. Na hapo mambo yakaharibika. Gari zilikuwepo, mashofere wakubwa walikuwepo, lakini hadithi haikuwepo. McQueen hakutaka maneno mengi. Alitaka watu wasikie gari. John Sturges, mwongozaji aliyemfanya mkubwa katika The Great Escape, alichoka, akaondoka. Akaletwa Lee Katzin. Wenye feza wakashika uongozi, na McQueen akakubali kupoteza mshahara wake ili filme isife. Ndoa yake na Neile Adams, toka mwaka 1956, ilivunjika mwaka huo. Talaka ilikuja 1972.

Kwa ajali za kubomoa kabisa, walichukua gari za bei ndogo zaidi, Lola T70, wakazivalisha mwili wa Porsche na wa Ferrari, wakaziendesha kwa redio bila mtu ndani. Hiyo ni akili. Lakini sehemu zingine za filme zilikuwa na mtu ndani. Ferrari ya Derek Bell ilishika moto, akachomeka kidogo. Na mwezi wa tisa, David Piper, shofere wa Uingereza, alipoteza gari yake, Porsche 917, kwa vitesi kubwa. Mguu wake mmoja ukakatwa chini ya goti. Mbio zilikuwa zimekwisha toka mwezi wa sita. Mguu ulikatika juu ya picha. Mwisho wa filme kuna maneno machache ya kumshukuru Piper. Ni machache kweli.

Le Mans ilitoka mwaka 1971. McQueen hakwenda kuiona siku ya kwanza, na haikuleta feza iliyongojewa. Leo wapenzi wa mbio wanaihesabu kama kumbukumbu isiyo na bei ya gari za wakati ule. Yeye mwenyewe hakutengeneza tena filme ya mbio za gari. Alifanya The Getaway, Papillon, The Towering Inferno, akalipwa sana, kisha akajificha kwa miaka, akifuga ndevu na kukusanya pikipiki za zamani.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1977 aliandikia barua familia moja ya mashariki ya Marekani. Familia hiyo ilikuwa imenunua Mustang 559 mwaka 1974, na mama wa nyumba alikuwa anaiendesha kwenda kazini. McQueen aliomba kuinunua. Walikataa.

Mwisho wa mwaka 1979, wadaktari walimwambia yuko na mesothelioma, kansa yenye kushika ile ngozi nyembamba ya kufunika mapafu. Ugonjwa huo unaletwa na vumbi ya amianti, na unaweza kulala ndani ya mwili miaka 20, 30, hata 40. McQueen aliipumua katika meli za jeshi. Tena, nguo za mashofere wa mbio wakati ule zilikuwa zinatiwa amianti ili zisishike moto, na hata kitambaa cha kufunika uso. Ni ipi iliyomuua, hakuna mwenye kuweza kuhakikisha. Amianti ile ile ilikuwa inatiwa kwa miaka mingi ndani ya freni za gari, na mafundi wenye kupuliza vumbi ya freni za zamani kwa hewa ya pompi wangefanya vizuri kujua neno hilo.

Wadaktari wa Marekani hawakuwa na dawa. Alikwenda Mexico, Rosarito, katika rasi ya Baja California, akafuata matibabu ya mtu ambaye waganga wa kwao hawakumtambua, ya vitamini na chakula cha namna ya pekee. Haikusaidia. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1980 aliingia katika hospitali ndogo ya Ciudad Juárez, akiandikishwa kwa jina la uongo, ili apasuliwe na kutolewa uvimbe. Upasuaji ulifanyika, lakini moyo ulisimama. Ilikuwa tarehe 7. Alikuwa na miaka 50. Majivu yake yalimwagwa katika bahari ya Pasifiki, na sehemu ya mali yake alikuwa ameiandikia ile nyumba ya watoto ya Chino.

Mustang 558, ile ya kupigizwa, ilikuwa imetumwa kwenye vyuma vya kutupa, na kwa miaka mingi watu waliamini imekwisha kuyeyushwa. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa imepatikana Mexico, katika rasi ile ile ya Baja California, ikiwa mwili mtupu, bila motere. 559 ilibaki katika familia ile iliyomkatalia McQueen. Haikufanyiwa rangi mpya, na vyuma vilivyotiwa kwa ajili ya kamera viliacha alama zao. Tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2020, huko Kissimmee, Florida, iliuzwa kwa mnada. Pamoja na malipo ya mnada, ilifika dolari milioni 3.74.